Mtoto Atakapouliza Habari za Jiwe

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Yoshua 4:1–24 na Mwanzo 31:43–54
Lengo la somo: Tujue kwa nini Mungu huagiza watu wake waweke alama za kumbukumbu, na tujichunguze tunakumbuka nini, na kwa moyo gani.



Pale tunaposhukia bodaboda, kwenye njia inayoacha barabara kuu ya Garsen na Hola na kuingia kwetu Ndera, pana mwembe mkubwa. Wote mnaujua. Ndipo akina mama wanapouzia maembe na maziwa, na ndipo sisi wanaume tunapokaa kungoja gari huku tukisema mambo ya siasa kuliko ya Ufalme. Juma moja baada ya Pasaka nilikuwa pale na mjukuu wangu wa miaka saba. Mtoto akazunguka shina, akaweka mkono juu ya kovu moja, akaliruka, akaweka juu ya lingine. Akauliza, "Babu, nani aliukata huu mti? Na kwa nini mara tatu?"

Nikamwambia, "Ni mambo ya zamani, mwanangu. Kaa hapa, gari linakuja."

Gari halikuwa linakuja. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu jibu ni refu. Lakini usiku Roho Mtakatifu hakuniacha nilale. Mimi ndiye ninayesimama mbele yenu kila Jumatano na Biblia mkononi. Makovu yale nayajua yote matatu. La chini lilikatwa kwa panga kuonyesha maji yalipofika mwishoni mwa 1997, wakati wa El Niño. La kati ni la 2024. La juu kabisa, lililopanuka mpaka limekuwa kama mdomo, marehemu baba yangu aliniambia ni la mafuriko ya 1961. Kovu la mti halipandi juu mti ukikua, linapanuka tu pale pale lilipo. Kwa hiyo maji yalifika pale kweli, juu ya kichwa changu mimi mtu mzima. Na mtoto aliponiuliza, nikamwambia akae.

Ndipo nikafungua Yoshua 4, na somo hili likazaliwa.

1. JIWE LIMEWEKWA ILI LIZAE SWALI

Sisi watu wa Tana tunaisoma sura hii kwa urahisi kuliko watu wa mjini. Yoshua 3:15 inasema Yordani ulikuwa umefurika mpaka kingo zote, kama ilivyo desturi yake siku za mavuno. Hiyo kwetu haihitaji mhubiri. Tunajua mto uliojaa unavyonguruma usiku. Tunajua maana ya kusimama ukingoni na watoto na mizigo, na ng'ambo iko mbali.

Mungu akawavusha pakavu. Lakini ona alichofanya kabla hawajasherehekea. Aliagiza watu 12, mmoja kwa kila kabila, warudi katikati ya mto, mahali miguu ya makuhani iliposimama, kila mmoja abebe jiwe begani. Mawe hayakuokotwa ukingoni ambapo kila mtu anaweza kufika. Yalitoka chini, kule ambako siku nyingine yoyote mtu angekufa maji.

Na kwa nini? Rudia mstari wa 6 na wa 21. Mungu anataja sababu, na sababu yenyewe ni mtoto. Siku moja mtoto ataona mawe yamekaa Gilgali, atashangaa, atauliza. Hapo mzazi atakuwa na la kusema.

Nataka uone mpango wa Mungu hapo, mpendwa. Jiwe halina mdomo. Kazi ya jiwe ni kumfanya mtoto aulize. Kazi ya kujibu ni ya baba, mama, babu na nyanya. Jiwe likikaa na mzazi akanyamaza, nusu ya amri ya Mungu imevunjwa. Ndivyo nilivyofanya mimi chini ya mwembe.

Sasa pita kwenye barabara yetu kutoka Minjila mpaka Hola uhesabu vibao. Kimoja ni cha shule, kingine cha kisima na majina ya wafadhili, kingine cha mradi uliokwisha zamani na kibao chenyewe kimeliwa na kutu. Kuna vya hifadhi ya wanyama, maana tangu 1976 sehemu ya msitu wetu wa mtoni imetengwa kwa ajili ya nyani wa aina mbili ambao hawapatikani porini popote duniani isipokuwa kando ya mto huu. Sivilaumu. Lakini msafiri akipita kwa gari atajua nani alitoa pesa za kisima, na hatajua ni nini Mungu alitutendea hapa, wala ni nini sisi tulitendeana. Hayo tumeyaacha midomoni mwa wazee, na wazee wanaondoka kila mwaka.

2. JIWE HUONYA

Kuna kijiji kidogo kule Japani kinaitwa Aneyoshi. Kiko karibu na bahari, na mara mbili, mwaka 1896 na mwaka 1933, wimbi kubwa la bahari lililetwa na tetemeko la ardhi likakiangamiza karibu chote. Waliobaki baada ya 1933 wakaweka jiwe kando ya njia, mlimani, lenye maandishi ya kuwakataza watoto wao kujenga nyumba chini ya pale. Miaka ikapita. Bahari ilitulia, na ardhi ya chini ilikuwa karibu na kazi ya uvuvi. Lakini watu wa Aneyoshi walilitii jiwe. Machi 2011 likaja wimbi lingine la kutisha, likapanda bonde lote, likasimama kama mita 100 tu kabla ya kulifikia jiwe. Nyumba zilizokuwa juu ya jiwe zote zilibaki salama.

Wapendwa, wale hawakuwa na Biblia yetu. Walikuwa na wazee waliosema ukweli na watoto waliosikia.

Sisi je? Mafuriko yetu hayana kelele za tetemeko. Mvua inanyesha juu kabisa, mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya Masinga na Kiambere yanajaa na kumwaga, na maji yanatufikia siku kadhaa baadaye huku mbingu ya hapa ni nyeupe kabisa. Mtu anaweza kuwa anapalilia mahindi yake juani, na mafuriko yako njiani. Ndiyo maana wazee waliukata mwembe. Walikuwa wanatuambia: mto umefika hapa, utafika tena.

Na baada ya 2024 tumejenga wapi? Nitasema bila kumtaja mtu. Zipo nyumba mpya, pamoja na ya kwangu ya kuku na jiko, ambazo ukisimama mlangoni na kutazama mwembe, kovu la 1961 liko juu ya paa. Tumejenga hapo kwa sababu shamba liko karibu, maji ya kuchota yako karibu, na kwa sababu kibinadamu mtu husahau haraka. Tunaomba Mungu atulinde, na Mungu alishatuonya kwa mkono wa babu zetu. Kuomba ulinzi huku umepuuza onyo ni kumjaribu Bwana. Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu alikataa jambo hilo hilo.

3. JIWE HUSEMA KWELI

Wengi wenu mmefika Hola, makao makuu ya kaunti yetu, na mmeipita shule ya upili inayoitwa Mau Mau Memorial. Jina lile halikuwekwa kwa kupendeza. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa wa vita vya uhuru walipigwa marungu na askari kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa kwenye mradi wa umwagiliaji. Watu 11 wakafa siku ile, na wengine wengi wakaumizwa vibaya.

Serikali ya mkoloni ilisema nini kwanza? Ilitoa taarifa ikionyesha kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji, wapendwa! Hapa kwetu ambapo maji ni uhai. Lakini uchunguzi wa miili ukaonyesha vipigo, na habari ikafika mpaka Bunge la Uingereza, ikaitikisa serikali yao. Mwaka 2013, zaidi ya nusu karne baadaye, serikali ya Uingereza ikatamka mbele ya Bunge lake kwamba inasikitishwa na mateso yaliyofanyika Kenya katika miaka ile, na ikakubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,000 waliokuwa wameshtaki.

Hebu kumbuka Mwanzo 4:10. Kaini naye alikuwa na taarifa yake. Alipoulizwa ndugu yake yuko wapi alisema hajui. Lakini damu ilikuwa ardhini, na ardhi ilikuwa na sauti mbele za Mungu. Kwa hiyo alama ya kumbukumbu ni kitu kizito. Ni ushahidi. Ukiweka jiwe la uongo umetoa ushahidi wa uongo, na amri ya tisa haikusema kwamba uongo wa kwenye saruji unaruhusiwa.

Na uongo una namna nyingi. Kuna uongo wa kusema lisilokuwako, na kuna uongo wa kusema nusu. Huu wa pili ndio ulioninasa mimi, na sasa nitaungama mbele yenu.

4. JIWE LAWEZA KUWA SILAHA

Mnajua yaliyotokea katika delta kuanzia Agosti 2012 mpaka Januari 2013. Vijiji vilichomwa, na watu zaidi ya 100 waliuawa, Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji, wanawake na watoto wadogo. Na kabla ya hapo tulikuwa na vita vya 2001. Chanzo tunakijua: shamba, malisho, na malka, zile njia za mifugo kushukia mtoni. Katika vita vya 2012 niliondokewa na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, kule chini. Alikuwa amekwenda kusaidia mavuno ya mpunga.

Mwaka jana vijana wa kanisa walileta wazo zuri. Walisema, "Mwalimu, tuweke kibao pale kwenye mwembe, tuandike historia ya hapa petu, wapita njia wasome." Nikafurahi. Nikajitolea kuandika maneno. Nikaandika mafuriko, nikaandika Injili ilivyoingia, kisha nikaandika vita. Chini yake nikaweka majina ya ndugu zetu waliokufa, wa koo zetu na wa upande wa mke wangu. Niliandika kwa machozi, sikuandika kwa hila. Fundi akatengeneza ubao, nikaubeba mpaka kwenye mwembe tuone ungekaa wapi.

Yuko mama mmoja wa Kiorma anayeuza maziwa pale. Mnamjua kwa ukarimu wake, hata akikukopesha hakusumbui. Hajui sana kusoma. Akauliza vijana, "Pameandikwa nini?" Wakamsomea yote. Akanyamaza, akafunika mtungi wake. Kisha akaniambia taratibu, "Mwalimu, na mwanangu mtamwandika wapi?"

Miaka yote ile nimenunua maziwa kwake. Sikujua kama alikuwa na mtoto aliyekufa. Sikuwahi kumuuliza.

Sikuwa na jibu. Niliuchukua ubao nikaurudisha nyumbani, na mpaka leo umeegemezwa ukutani nyuma ya kabati, maandishi yakiangalia ukuta. Kijana mmoja alinikasirikia. Aliniambia, "Mwalimu, umeogopa. Waliotuua ndio wanatuchagulia maneno?" Nikamwambia yule mama hakumuua mtu. Akasema, "Hata shemeji yako hakumuua mtu." Na hapo, wapendwa, alisema kweli. Uchungu wake ni wa haki. Sikumkemea, wala ninyi msimkemee.

Lakini sikiliza Mwanzo 31. Labani na Yakobo walikuwa ndugu, na wote wawili wafugaji, na kila mmoja alikuwa na malalamiko ya miaka 20. Labani alisema binti zake wamechukuliwa kama mateka. Yakobo alisema ujira wake umebadilishwa mara kumi. Ukisoma sura yote utaona kila mmoja anaamini yeye ndiye aliyeonewa. Labani alikuja na watu, tayari kwa shari, na Mungu akamwonya usiku katika ndoto.

Wakafanya nini? Walikusanya mawe wakafanya chungu moja, wakala chakula juu yake. Halafu ona jambo hili ambalo nililisoma miaka 30 bila kuliona: chungu ile ile Labani aliipa jina kwa lugha yake, Yegar-sahadutha, na Yakobo akaipa jina kwa lugha yake, Galedi. Maana ya majina yote mawili ni moja, chungu ya ushahidi. Na agano lenyewe lilikuwa hili: wewe hutapita hapa kuja kunidhuru, nami sitapita hapa kuja kukudhuru.

Yakobo hakulazimishwa kusema kwamba hakudhulumiwa, wala Labani hakuambiwa asahau. Walikumbuka wote wawili, mahali pamoja. Kama Yakobo angejenga chungu yake peke yake na kuandika ujira uliobadilishwa mara kumi, na Labani naye ng'ambo ajenge yake aandike binti waliochukuliwa, mawe yale yangekuwa ghala la silaha. Watoto wao wangeuliza, na jibu lingekuwa vita.

Ubao wangu ulikuwa na majina ya kweli. Hapakuwa na jina hata moja la uongo. Lakini mtoto wa Kipokomo angeusoma akajua nani wa kumchukia, na mtoto wa Kiorma angeusoma akajua kwamba wafu wa kwao hawahesabiwi. Ndiyo nusu ya ukweli niliyosema.

5. JIWE LAWEZA KUBAKI NA MOYO UKAONDOKA

Mtu atasema, basi tusiweke alama yoyote. Hapana. Mungu ndiye aliyeagiza mawe ya Gilgali. Lakini fuata habari za Gilgali mbele katika Biblia. Kufikia siku za Amosi na Hosea, mahali pale pale palipowekwa mawe ya ushuhuda pamekuwa mahali pa ibada ya bure. Amosi 5:5 inawaambia watu wasiingie Gilgali. Hosea 9:15 inasema uovu wao wote uko huko. Mahali palibaki na jina kubwa, watu waliendelea kwenda, pengine watoto waliendelea kuonyeshwa. Kilichoondoka ni utii.

Karibu na Garsen, pale Golbanti, yako makaburi ya John Houghton na mkewe Annie, wamishenari wa Kimethodisti waliouawa Mei 1886 wakati Wamaasai waliposhambulia kituo kile. Waliuawa pia Waafrika waliokuwa pamoja nao, ambao majina yao hatuyasikii mara nyingi. Tunawaita mashahidi, na ni sawa. Lakini ukipita pale ukaona fahari tu kwamba Injili ilifika kwetu mapema, na wewe mwenyewe hujawahi kumwambia jirani habari za Yesu, kaburi lile limekuwa Gilgali ya siku za Hosea.

Kwa upande mwingine, kuna kumbukumbu isiyo na jiwe ambayo haijafa. Mnajua wimbo wa taifa letu ulivyopatikana. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa inajiandaa kwa uhuru, jopo la wanamuziki watano lilitafuta sauti ya kutungia wimbo, na wakaipata kwenye bembelezo la Kipokomo ambalo akina mama wa mto huu waliwaimbia watoto wachanga walale. Mzee Meza Morowa Galana wa Makere ya Gwano ndiye aliyewapa. Nyanya zetu hawakuchonga jiwe. Waliimba, mtoto akasikia, akakua akamwimbia wake. Leo taifa zima linasimama wima kwa sauti ya mama wa Kipokomo aliyekaa mlangoni na mtoto mgongoni. Hivyo ndivyo kumbukumbu inavyotembea ikipata mdomo.

Na Bwana wetu mwenyewe alituachia alama gani? Usiku ule alipotolewa alitwaa mkate na kikombe, akatuagiza tufanye vile kwa kumkumbuka. Alituachia meza. Na meza ile haifichi kitu: inataja mwili uliovunjwa na damu iliyomwagika, inataja hata usiku wa kusalitiwa. Ni kumbukumbu ya mauaji. Lakini hakuna anayeinuka kutoka pale akienda kulipiza kisasi, kwa sababu Aliyeuawa ndiye anayewakaribisha waliomkosea. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakula pale. Sasa niambie, ningelikulaje mkate ule, kisha nikatoke nje nikagongomee mtini ubao wenye wafu wa upande mmoja?

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

Kwanza, mchukue mtoto au mjukuu wako mpaka kwenye mwembe. Mwonyeshe makovu yote matatu. Mwambie maji yalifika wapi, nani aliokolewa kwa mtumbwi, nani hakuokolewa. Mimi tayari nimekwenda na wangu. Aliuliza maswali mpaka nikachoka, lakini safari hii sikumwambia akae.

Pili, kama unapanga kujenga, pima kwanza kwa kovu la juu. Jiko langu nimeanza kulibomoa.

Tatu, muulize jirani wa ng'ambo ya malka habari za wafu wake. Usianze kwa kueleza wako. Uliza, kisha nyamaza usikilize. Nilikwenda kwa yule mama jioni moja pamoja na mke wangu. Tulikaa kwenye mkeka, tukaambiwa jina la kijana wake na umri wake: 16. Mke wangu akamtajia jina la ndugu yake. Walilia pamoja, na mimi nikatoka nje nikawaacha.

Habari za kibao bado hazijaisha. Wazee wa pande mbili wamekubali kuketi, na jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa, wamesema watakuja pia. Ombi langu ni jiwe moja, lugha mbili kama Galedi, na majina ya wote. Kuna wanaokataa, hata ndani ya kanisa hili. Labda itachukua mwaka. Tuombe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA IBADA ZA NYUMBANI

1. Katika Yoshua 4:9 Yoshua aliweka mawe mengine 12 katikati ya mto, mahali ambapo maji yaliyafunika. Hakuna mtoto angeweza kuyaona. Kwa nini? Je, kuna huzuni au wokovu katika maisha yako ambao Mungu peke yake anaujua?
2. Ni habari gani ya kijiji hiki ambayo unaijua wewe, na ukifa leo itazikwa nawe? Itaje mbele ya kundi, na kijana mmoja aiandike.
3. Ukisimulia habari za 2001 au 2012 nyumbani, watoto wako wanabaki na nini mioyoni?
4. Soma 1 Petro 2:4–5. Kama sisi wenyewe ni mawe yaliyo hai, mpita njia akitutazama atauliza swali gani?

SALA

Bwana Yesu, Jiwe walilolikataa waashi, tunakushukuru kwa mto huu ulioturuhusu tuuvuke, na kwa miaka uliyotuvusha wakati ulipokataa. Wakumbuke wote waliokufa maji na waliokufa kwa mkono wa ndugu, ambao majina yao unayajua hata kama hayajaandikwa popote. Tupe midomo ya kusema kweli yote, na masikio ya kusikia kweli ya jirani. Watoto wetu wakiuliza, tusiwanyamazishe. Katika jina lako, Amina.